Doa Gumu Hulowekwa

Mashuka ya hospitali hayana sikukuu. Mgonjwa akilala, yanachafuka. Akiamka, yanachafuka. Akifa, ndiyo yanachafuka zaidi.

Maneno hayo Mzee Shuka aliyasema karibu kila asubuhi, akifunga aproni yake ya mpira. Hakuna aliyecheka. Hata yeye hakucheka.

Jina alilopewa na wazazi wake lilitajwa siku ya mshahara tu. Siku nyingine zote, pale chumba cha kufulia, alikuwa Mzee Shuka. Kazi yake ilikuwa kuchambua. Toroli zilitoka wodini zimefura kama matumbo ya ng'ombe. Yeye aliyamwaga mashuka juu ya meza ya saruji, akayatenga. Yenye jasho na vumbi yalikwenda moja kwa moja mashineni. Yenye damu aliyatupa kwenye pipa la maji baridi, yalowe. Mashuka yakishafuliwa, yakiwa mazito kwa maji, aliyakumbatia na kuyabeba hadi kwenye mashine ya kukamulia.

Alifanya hivyo miaka mingi. Mgongo ukavumilia, ukavumilia, kisha ukakataa.

"Usinyanyue tena kitu kizito," daktari alimwambia. "Hata ndoo iliyojaa maji, hapana."

"Na mashuka?"

"Makavu, sawa. Yaliyolowa, hapana."

Mzee Shuka alipeleka habari hiyo kwa meneja. Meneja alikuwa anaongea kwenye simu. Alimwonyesha kiti kwa kidole, lakini kiti kilikuwa kimejaa mafaili. Mzee Shuka akasimama na mgongo wake mpaka simu ikaisha.

"Sasa mzee," meneja alisema, "kazi ya hapa ni kunyanyua. Nafasi ya kukaa ni moja tu, ya msimamizi wa zamu. Na ile ina mtihani. Unaukumbuka."

Aliukumbuka. Alikuwa ameufanya mwaka uliopita, akaanguka. Aliyepita alikaa miezi michache, akahama. Tangu hapo nafasi ile ilikuwa wazi, na kazi ya msimamizi ilikuwa inafanywa na yeyote aliyekuwa karibu.

"Utafanyika tena mwisho wa mwezi ujao. Ukipita, utakaa. Usipopita..." Meneja alikunjua viganja vyake, vitupu. Simu ikalia tena.

Mzee Shuka alirudi chumba cha kufulia. Mvuke ulikuwa umejaa hadi darini. Rafiki yake, mtu wa pasi kubwa ya rola, alikuwa anatandaza foronya. Huyo walimwita Pasi.

"Amesemaje mkubwa?" Pasi aliuliza.

"Amesema mtihani."

"Mtihani wa nini kwa mtu wa mashuka?" Pasi alitema mate pembeni. "Wameshapanga mtu wao, ndugu yangu. Wewe utakwenda kuwapamba tu, ionekane kulikuwa na mashindano. Msimamizi wa mwisho waliyempitisha, siku ya kwanza aliniuliza lile pipa la damu ni la nini. Alidhani tunapika."

Mzee Shuka alikubali kwa kichwa. Maneno hayo yalimwingia vizuri, kama maji katika mchanga. Yalikuwa maneno yake mwenyewe.

*

Nyumbani kwake palikuwa vyumba viwili na kibaraza. Aliishi hapo na binti yake, aliyekuwa anajifunza ushonaji kwa fundi wa mtaa. Mkewe alikuwa amefariki.

Alifia katika hospitali hiyohiyo, juu ya shuka ambalo Mzee Shuka alilifua kwa mikono yake. Daktari aliitwa, hakuja kwa wakati. Mzee Shuka aliuliza kwa nini. Badala ya kujibiwa, naye akaulizwa: wewe ni nani? Tangu siku ile hakuna baya lililomtokea asilolipa jina la mkubwa. Bati likivuja, wakubwa. Sabuni ikiisha stoo, wakubwa. Alipoanguka mtihani, wakubwa. Na mara nyingi alikuwa sahihi, jambo lililofanya iwe vigumu kumsahihisha siku alipokosea.

Jioni ile alikaa kibarazani bila kuvua viatu. Hakuweza kuinama kuvifikia.

"Baba, lete mguu," binti yake alisema. Akachuchumaa, akamfungulia kamba. "Umeambiwa nini?"

"Nimeambiwa nifanye mtihani, mwanangu. Nikianguka, niende zangu."

"Basi fanya."

"Unasema kama unaniambia kunywa chai."

Upande wa pili wa ukuta mfupi mtu alikohoa. Alikuwa jirani yao, Mama Mizani. Alipima magunia katika ghala la nafaka, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuwashinda wapakiaji. Ukuta ule haukuzuia kitu. Alikuwa amesikia yote, na hakujisumbua kujifanya hakusikia.

"Huo mtihani," alisema, "ni ule wa sehemu nne? Hesabu za biashara, kusoma na kuelewa, maarifa ya jumla, na kupanga kazi?"

"Ndio huo. Wewe umeujulia wapi?"

"Mimi nilikuwa nafagia lile ghala, baba. Mizani sikupewa zawadi. Nilifanya mtihani kama huo mara mbili. Mara ya kwanza nililia hadi kamasi zikanitoka." Alizunguka ukuta, akavuta kigoda, akakaa. "Haya. Niambie mwaka jana ilikuwaje."

"Walikuwa wameshapanga mtu wao."

"Sikuulizi walichofanya wao. Nakuuliza ulichofanya wewe."

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Mzee Shuka hivyo. Alifikiri, kisha akaanza kueleza polepole.

Kulikuwa na swali moja, mwanzoni kabisa mwa hesabu. Alilikumbuka neno kwa neno. Bei ya bidhaa ilipandishwa kwa asilimia ishirini. Baadaye bei hiyo ikapunguzwa kwa asilimia ishirini. Je, bei ya mwisho ni sawa na ile ya kwanza, ni kubwa zaidi, au ni ndogo zaidi?

"Nikasema ni sawa," alisema. "Ishirini imepanda, ishirini imeshuka. Kisha nikasema, haiwezekani. Hawa watu hawawezi kuuliza kitu rahisi hivi. Huu ni mtego. Nikafuta. Nikaandika tena. Nikafuta tena, karatasi ikatoboka. Nikasema moyoni, hapa hawanitoi. Wanataka nikimbie. Sikimbii."

"Ukakaa hapo hadi lini?"

"Hadi walipokusanya karatasi."

"Na zile sehemu nyingine tatu?"

Mzee Shuka aliangalia viatu vyake, ambavyo sasa vilikuwa kando.

"Sikuzifungua," alisema.

Binti yake aligeuza uso upande wa barabara. Mama Mizani hakucheka. Alikuna goti.

"Baba," alisema, "wewe hukuanguka mtihani. Wewe hukuufanya. Uligombana na swali moja, basi."

"Lilikuwa mtego."

"Lilikuwa swali. Hebu chukua mia moja. Ongeza ishirini. Unapata?"

"Mia na ishirini."

"Sasa unapunguza asilimia ishirini. Ya nini? Ya ile mia ya zamani, au ya hii mia na ishirini iliyopo mezani?"

"Ya iliyopo," Mzee Shuka alisema.

"Asilimia kumi ya mia na ishirini ni kumi na mbili. Kwa hiyo asilimia ishirini ni mara mbili yake, ishirini na nne. Toa."

"Tisini na sita." Aliiandika kwa kidole juu ya goti. "Imeshuka. Ni ndogo zaidi."

"Imeshuka. Na hilo swali lilikuwa na alama sawa na swali lolote jingine humo ndani. Sawa na lile rahisi la ukurasa wa mwisho ambalo ungelijibu huku unapiga miayo. Na kila sehemu ina alama yake ya chini. Hata ukipata hesabu zote, ukiiacha tupu sehemu ya kusoma na kuelewa, umeanguka. Swali likikuzidi, liache. Weka alama ndogo pembeni. Jibu unayoyaweza, kisha urudi. Mwenye nguvu mpishe."

"Niliache? Waseme wamenishinda?"

"Nani atasema? Aliyelitunga hakujui, baba. Hajui una mgongo, hajui una binti. Hakukutega. Hana habari kama upo duniani."

"Hilo ndilo baya zaidi," Mzee Shuka alisema.

Mama Mizani aliinuka, akarudisha kigoda mahali pake. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema akiondoka.

"Mwambie aliyetunga methali hiyo aje aone mgongo wangu."

*

Hata hivyo alianza. Chuki yake ilikuwa kubwa, lakini njaa aliijua zaidi.

Mwanzo alijifunza jioni, baada ya kazi. Alifungua karatasi za mazoezi ambazo Mama Mizani alikuwa amezitunza chini ya godoro. Alisoma mistari miwili, kidole kikifuata maneno, kisha kidevu kikaangukia kifuani. Binti yake alimkuta mara tatu amelala na penseli mkononi.

"Hivyo unajidanganya," Mama Mizani alimwambia. "Mtu aliyechoka hajifunzi, anatazama karatasi tu. Lala mapema. Amka kabla ya jua, soma nusu saa kichwa kikiwa kitupu. Nusu saa ya asubuhi ni bora kuliko jioni nzima ya kusinzia."

Akaamka mapema. Haikuwa raha. Alinyosha mgongo ukutani kwanza, kama mtu anayesimamisha ngazi. Kisha alikaa.

Kila asubuhi aligusa sehemu nyingine. Siku ya hesabu, alifanya hesabu. Muuza duka amenunua boksi la sabuni lenye vipande ishirini kwa elfu kumi. Ameuza kila kipande mia sita. Faida yake ni asilimia ngapi? Ameuza kwa elfu kumi na mbili. Faida ni elfu mbili. Faida hupimwa kwa bei ya kununulia. Elfu mbili katika elfu kumi ni asilimia ishirini. Alikuwa anaandika hatua zote, moja chini ya nyingine, kwa sababu Mama Mizani alisema kichwa kilichochoka husahau, karatasi haisahau.

Siku ya kusoma na kuelewa, binti yake alimfundisha asome maswali kwanza, halafu habari. "Ukijua unatafuta nini, baba, macho yanaliona jibu yenyewe." Kwa maarifa ya jumla, alisikiliza taarifa ya habari ya redio hadi mwisho. Zamani aliizima mara tu aliposikia sauti ya mkubwa. Sasa aliisikiliza akinung'unika, na katikati ya manung'uniko akajifunza bima ni nini, riba ni nini, na kwa nini bei za vitu hupanda.

Sehemu ya kupanga kazi ndiyo aliyoipenda, ingawa hakusema. Chumba cha kufulia kina mashine nne. Kila mashine hufua kilo thelathini kwa saa. Kilo mia mbili na arobaini zitakwisha kwa saa ngapi?

"Saa mbili," alisema bila penseli. "Lakini hapo hawajahesabu ile mashine mbovu."

"Andika saa mbili, baba," binti yake alisema. "Mashine mbovu ni ya kwenu tu."

Tatizo lilikuwa moja, na lilikuwa lilelile. Mama Mizani alipomwekea saa mezani na kumpa mtihani mzima wa mazoezi, alisimama kwenye swali la nne. Akakunja uso. Akaanza kupumua kwa pua. Saa ikatembea. Binti yake akakohoa. Hakusikia.

"Muda umekwisha," Mama Mizani alisema.

Sehemu mbili zilikuwa tupu.

"Nilikuwa nakaribia," Mzee Shuka alisema.

"Ulikuwa unakaribia kuanguka tena."

"Mimi si mtu wa kuacha kitu njiani, Mama Mizani. Nimelelewa hivyo."

"Sawa. Wafundishe na wenzako huko nje ya geti la hospitali, mtakapokuwa mnauza karanga."

Hawakusemezana siku mbili. Ukuta mfupi ukawa mrefu.

*

Mambo yalibadilika kazini, siku ambayo wafanyakazi wawili hawakuja.

Tangu daktari amkataze, Mzee Shuka alichambua tu, wenzake wakabeba yaliyolowa; asubuhi ile hata kuchambua mgongo ulikataa. Pasi alimwonea huruma. "Kaa hapo kwenye kreti," alimwambia. "Mimi nitachambua. Pasi itangoja, hakuna shuka la kupiga pasi kama hakuna lililofuliwa."

Mzee Shuka akakaa. Toroli ya kwanza ikaja, kisha ya pili. Pasi alimwaga, akatenga, akatenga, kisha akasimama. Mikononi alikuwa na shuka moja lenye doa kubwa la damu, kavu, jeusi pembeni. Alichukua sabuni ya kipande. Akaanza kusugua.

Toroli ya tatu ikaja. Pasi alisugua. Ya nne ikaja, ikasimama mlangoni kwa kukosa nafasi. Muuguzi mmoja alichungulia. "Wodi ya wazazi hatuna hata shuka moja," alisema. "Kuna mama amelazwa juu ya mpira mtupu."

"Yanakuja," Pasi alisema, na akaendelea kusugua. Jasho lilimtiririka. Doa lilikuwa limekuwa la kahawia, limetanuka.

Mzee Shuka hakuweza kuvumilia. "Wewe Pasi, unafanya nini?"

"Doa hili linanidharau."

"Loweka hilo."

"Limebaki kidogo."

"Loweka, nimekwambia. Liache kwenye maji, uchukue mengine. Wodi nzima inalala juu ya mpira kwa sababu ya doa lako moja. Unadhani linakuona? Ni doa. Halijui hata kama upo. Litupe kwenye pipa, liloe, utalirudia baadaye likiwa limelegea."

Alisema hivyo kwa ukali.

Pasi alilitupa shuka kwenye pipa. Akachukua jingine, na jingine. Meza ikaanza kuonekana. Alipogeuka, Mzee Shuka alikuwa bado juu ya kreti, ameshika magoti, anatazama pipa.

"Mgongo?" Pasi aliuliza.

"Hapana," Mzee Shuka alisema. "Kichwa."

Jioni alisimama kwenye ukuta mfupi. Mama Mizani alikuwa anaosha sufuria. Hakuinua uso.

"Mama Mizani. Ile saa yako bado inatembea?"

"Inategemea nani anauliza."

"Anauliza muuza karanga."

Mama Mizani alifuta mikono, akaleta saa.

Tangu siku hiyo, swali lililomzidi Mzee Shuka aliliwekea nukta ndogo pembeni. "Nimeliloweka," alisema, akaenda mbele. Mara ya kwanza aliikandamiza penseli kwa hasira. Mara ya pili, kidogo. Na ajabu ni kwamba aliporudi, maswali mengi yalikuwa yamelegea. Si yote. Lakini mengi.

*

Mtihani ulifanyika katika ukumbi wa mikutano wa hospitali. Binti yake alikuwa amemwandalia kila kitu tangu jana yake: kitambulisho, penseli mbili, kifutio, na mto mdogo alioushona mwenyewe wa kuwekea mgongo. Alifika mapema. Mlango ulikuwa umefungwa.

Wasimamizi walichelewa. Hakuna aliyewaomba radhi watu waliosimama juani. Mzee Shuka alihisi ile hasira ya zamani inapanda. Maneno yote yalikuwa tayari mdomoni: wameshapanga, wanatudharau, wanatuchosha makusudi. Aliyatazama maneno hayo. Yalikuwa ya kweli, au karibu na kweli. Lakini leo yangemla muda. Akayaweka kando, akaenda kukaa kivulini.

Ndani, alisoma maelekezo kabla ya kushika swali. Wengine walikuwa wameshaanza kuandika. Maelekezo yalisema jibu lisilo sahihi halipunguzi alama. Aliyasoma mara ya pili kwa kidole ili awe na hakika. Kwa hiyo mwishoni asiache nafasi tupu hata moja.

Alianza. Swali la kwanza, alilijua. La pili, alilijua. La tatu lilihusu mkopo na riba ya miaka miwili, na lilikuwa na uso mbaya. Alilikodolea macho. Pua ikaanza kupumua.

*Loweka.*

Akaweka nukta. Akaenda mbele.

Alifungua sehemu ya pili, kisha ya tatu. Alipofika kurasa za mwisho, ambazo mwaka uliopita hakuzigusa, alikuta swali kuhusu kupanga zamu za wafanyakazi sita. Akataka kucheka. Kazi hiyo aliifanya kichwani kila asubuhi, bila kulipwa.

Muda ulipobaki kidogo alirudi kwenye nukta zake. Ile ya mkopo ilikuwa imelegea. Akaona kwamba riba ilikuwa ya kila mwaka, akaandika hatua, akamaliza. Mbili nyingine ziliachia. Moja ilikataa kabisa. Hiyo alichagua jibu lililoonekana lina akili zaidi, akaliwekea alama. Shuka lenye doa lililofifia bado ni shuka. Mtu atalilalia.

Alipotoka, binti yake alikuwa anamngoja getini.

"Vipi, baba?"

"Nimechoka," alisema. "Lakini kurasa zote nimezifungua."

*

Majina yalibandikwa kwenye ubao karibu na ofisi ya meneja. Mzee Shuka hakwenda. Pasi ndiye aliyekwenda, akarudi akikimbia kwa namna yake, yaani akitembea haraka kidogo.

"Sasa nitakuita nani?" Pasi aliuliza. "Mkubwa?"

"Ukiniita hivyo nitakutia kwenye pipa."

Alikuwa amepita sehemu zote nne. Kupanga kazi alipata alama za juu. Maarifa ya jumla alipita kwa ukingo wa kucha. Hakuwa wa kwanza. Lakini wa kwanza alipata kazi mahali pengine na hakutaka mashuka. Meneja alimpa Mzee Shuka barua bila kumtazama usoni, huku simu ikiwa sikioni. Jina kwenye barua lilikuwa limekosewa herufi moja. Wakubwa walikuwa walewale.

Kiti cha msimamizi kilikuwa na mguu mfupi mmoja. Mzee Shuka alikunja kipande cha kadibodi, akamwomba Pasi akichomeke chini. Akaweka mto wa binti yake. Akakaa, akafungua ratiba ya zamu, akaanza kupanga nani achambue, nani abebe, na nani apumzike mgongo kabla haujaharibika. Hilo la mwisho halikuwahi kuwemo katika ratiba yoyote ya pale.

Saa nne ilikuja toroli kutoka wodi aliyofia mkewe. Kila mara toroli ile ilipoingia, alikuwa akiiacha kazi yote na kusimama. Alikuwa na swali lake moja, lisilo na karatasi. Kwa nini daktari hakuja kwa wakati? Alikuwa amelisugua miaka yote hiyo, mpaka limetoboka.

Leo pia alilitazama. Hakusamehe mtu. Jibu alikuwa analidai, na atakuja kulidai, kwa barua, kwa lugha iliyonyooka, sasa kwa kuwa anajua kuandika hatua moja chini ya nyingine. Lakini wodi zilikuwa zinangoja mashuka. Akaweka nukta ndogo pembeni ya moyo wake, akamwambia mchambuzi mpya, "Yenye damu, maji baridi. Usisimame nayo."

Jioni alifika nyumbani akaketi kibarazani. Aliinama polepole, akafungua kamba za viatu mwenyewe.

Mama Mizani aliona kutoka kwake, akakohoa. "Cha mvunguni umekipata?"

"Kiti chenyewe kinayumba," Mzee Shuka alisema. "Lakini mgongo umenyamaza."